Papa Venant Rwabika, Mwamuzi wa Ng'ombe Walioliwa na Chui

Baba Padri, wazee mlioshuka kutoka Nyantende, wakubwa wa marehemu na wenzake wa kazi, majirani wa Cimpunda ambao tangu juzi hamjapata usingizi kwa ajili yetu, na ninyi nyote mlioketi kwenye viti vya kuazima na mikeka ya kuazima katika ua huu wa mwanawe Placide, familia imemtuma mdogo wa marehemu, ndiye mimi Ignace, mwalimu wa darasa la pili, awasomee maisha ya kaka yake, na imemwomba asiruke kitu, hata pale ambapo kuruka kungekuwa rahisi kwa kila mtu, kwa sababu kuna maneno yanayozunguka mjini na mlimani tangu Jumanne, na ni afadhali yasikike hapa mbele ya jeneza kuliko kwenye pombe.

Papa Venant Rwabika alizaliwa Nyantende, mtoto wa tatu wa Muzee Birindwa na Mama M'Chishugi, katika mwaka ambao mapadri waliuandika kuwa 1909, ingawa mama yake alishikilia mpaka kufa kwamba mapadri walikosea, kwamba yeye ndiye aliyezaa na si wao, na kwamba ilikuwa mapema zaidi, wakati mtama unavunwa. Alibatizwa katika misheni ya Nyangezi tarehe 24 Desemba 1921, akasoma hapohapo kuanzia Januari 1920 hadi Juni 1923, akajua kusoma, kuandika, kujumlisha, na kuimba Kilatini kwa sauti iliyowafanya wenzake waombe asogezwe mstari wa nyuma. Hakuendelea, si kwa sababu ya akili, bali kwa sababu baba yake alikosa mchungaji, na kijana akarudishwa nyumbani kushika fimbo.

Ng'ombe wa Muzee Birindwa hawakuwa wake wote, wengine aliwekewa na watu awatunze, na wazee wote hapa wanajua sheria ya ng'ombe wa kuwekewa: akiliwa na mnyama, mchungaji alete ngozi au mfupa wenye alama ya meno, asamehewe, na asipoleta kitu, alipe. Mwaka 1925 chui alichukua mtamba wa watu mikononi mwa Venant, akamburuta hadi kwenye bonde lenye miiba, na kijana hakupata hata kwato la kuonyesha, ndipo baba yake akatoa ng'ombe wake mwenyewe, yule aliyekuwa anawanywesha maziwa, akampeleka kwa mwenye mali bila kusema neno. Venant alisema baadaye kwamba angependa kupigwa kuliko kule kunyamaza, na tangu siku hiyo alijifunza meno, akajua jino la chui na jino la fisi, na jino la mbwa wa jirani ambaye mwenyewe hataki kusema.

Tarehe 1 Machi 1931 aliingia kazi kama mchungaji kwenye shamba la Mzungu mmoja juu ya Nyantende, lile lililokuwa likishusha maziwa hapa Bukavu wakati mji ungali unaitwa Costermansville, na mwaka 1943 akafanywa kapita, yaani msimamizi, wa ng'ombe wote, kazi aliyoifanya mpaka wiki hii. Tarehe 11 Agosti 1934 alifunga ndoa takatifu na Rosalie, ambaye mnamwona ameketi hapa, mwanamke wa jembe na wa maneno machache, na Mungu akawajalia watoto watano, wawili akawachukua wakiwa wachanga, wakabaki Placide, aliyezaliwa mwaka 1935, fundi seremala, Virginie, wa mwaka 1938, aliyeolewa Nyangezi, na Delphine, wa mwaka 1946, ambaye bado yuko shuleni kwa masista.

Sasa tunafika kwenye jambo lililomfanya ajulikane, na ambalo limetuleta hapa. Mwezi wa Mei 1951 shamba la Mzungu lilipewa sumu, unga mweupe wa kutiwa kwenye mizoga, ili chui na fisi wa mlima wote wamalizwe, na aliyeutia mkononi mwake, mzoga baada ya mzoga, alikuwa Venant. Hakuna aliyemlazimisha, aliifanya kwa furaha, kwa kuwa alikuwa na deni la moyoni tangu ule mtamba wa mwaka 1925, na aliwaona wanyama wale wakifa, akaona jinsi shingo inavyopinda nyuma na miguu inavyokakamaa kama mbao, na kwa mwaka mzima hakuna ndama hata mmoja aliyepotea, wanaume wakamnunulia pombe, na yeye akainywa.

Lakini msimu wa pili nguruwe pori wakaanza kushuka. Walikuwa wakija mmoja mmoja, sasa wakaja familia nzima na watoto wao, wakafukua viazi vitamu, wakalaza mihogo, na nyani wakamalizia mtama, mpaka wanawake wa upande wa juu wakajenga vibanda vya majani shambani, wakalala humo na watoto mgongoni, wakipiga madebe. Rosalie alilala shambani miezi mitatu, na mume wake akilala peke yake akiwasikiliza wale wanawake wakipiga madebe, akijua ni nani aliyewaweka pale. Tena nguruwe hawakuishia kwenye mashamba, walifukua hata malisho wakitafuta mizizi, majani yakawa tope, maziwa yakapungua, na kapita aliyesifiwa kwa kuokoa ndama akaitwa na Mzungu aeleze kwa nini ndoo haijai. Alikuja kwa mdogo wake siku moja, akakaa, akasema kwamba hesabu hii imemshinda, kwamba akiwaweka ndama upande huu na viazi upande ule, hajui tena kipi alichowatendea watu, kizuri au kibaya, na hakutaka kufarijiwa.

Mwezi wa Novemba 1954 chui alirudi, jike, akitokea upande wa msitu wa Kahuzi, akazaa kwenye miamba juu ya malisho, na kabla msimu ule haujaisha nguruwe walikuwa wamehama mashamba ya juu, wanawake wakarudi kulala nyumbani, na palepale mbuzi na ndama wakaanza kupotea. Ndipo mlima ukagawanyika, mwenye ng'ombe akitaka sumu iletwe tena, mwenye shamba akitaka chui aachwe, na mara nyingi mwenye ng'ombe na mwenye shamba walikuwa wakilala kitanda kimoja, kwa hiyo kelele hazikuisha. Rosalie alisema wazi mbele ya wageni kwamba sumu ikiingia tena, yeye atakwenda kuishi kwa binti yake, na Papa Venant alicheka, lakini alijua Rosalie hatanii.

Jumapili tarehe 6 Februari 1955, baada ya misa, watu walikusanyika Nyantende wakitukanana, na baada ya kuwaacha waseme mpaka wachoke, Papa Venant alisimama na kusema maneno ambayo wengi wenu mnayakumbuka: «Ule mwenye chui inamulindia shamba, asaidie ule mwenye chui inamukulia ngombe. Hivi tu. Kama hamutaki, mulete sumu, lakini mimi sitaitia tena.» Basi wakapatana kwamba atakayeliwa ng'ombe wake na chui atakata sehemu iliyoumwa, ataileta kwa Venant kabla siku ya pili haijaisha, Venant ataangalia meno, na akiona ni chui, kila nyumba yenye shamba upande wa juu itatoa kikapo cha viazi au cha mtama kwa aliyepotewa. Na kwa kuwa kwetu nyama ikishapita mlango wa mtu hairudi ilikotoka, ile sehemu iliyoumwa ikawa ya mwamuzi, aipike, ale, na watu wakamtania kwamba anafuga chui kwa ajili ya mchuzi.

Yeye alitaniwa na akatania, lakini hatutaki mfikiri kwamba alikuwa na amani. Kulikuwa na maamuzi aliyoyakosea, au pengine aliyakosea, kama yale ya mbuzi wa Mama Apolline, mjane, ambaye alileta bega la mbuzi wake mwaka 1956 akaambiwa ni mbwa, akarudi nyumbani bila kikapo, na kwa miaka miwili hakumsalimu Venant kanisani. Kulikuwa pia na hofu aliyoitaja mara moja tu, kwamba chui akigusa mtu itakuwaje, na kila likizo Delphine alipopanda mlima kutoka shuleni, baba yake alishuka kumpokea njiani na mkuki, akisingizia kwamba anakwenda kuangalia maji. Alikuwa ameshaamua moyoni kwamba siku hiyo ikifika, atakayemfuata yule chui kwenye miamba ni yeye, na hatamtuma mtu.

Na kulikuwa na Léopold. Wengi wenu hapa mjini mnamjua Léopold Bashwira, karani, mtoto wa ubatizo wa marehemu, ambaye hufanya kazi Bukavu kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi saa sita, na mke wake Clémence anakaa Nyantende na ng'ombe wao. Ng'ombe wa kwanza wa nyumba ile alitolewa na Papa Venant mwenyewe, siku ya harusi yao mwaka 1952, na alizaa vizuri, lakini chui alichukua ndama mmoja mwaka 1956 na mwingine mwaka 1957, ambao Léopold alikuwa amewaweka kwa ajili ya mahari ya mdogo wake. Vikapo alipewa, hakuna aliyemdhulumu, ila Léopold hana shamba upande wa juu, chui hamlindii kitu, na siku ya Pasaka ya mwaka huu, tarehe 6 Aprili, alimwambia baba yake wa ubatizo mbele ya watu: «Papa, viazi itaoa bibi ya mudogo wangu?»

Familia inalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu Papa Venant mwenyewe alilisema, kwamba Léopold alikuwa na haki, kwamba kikapo hakilingani na ndama, na kwamba kwenye mkutano wa Agosti baada ya mavuno angewaomba watu wabadilishe mapatano, ili aliyepoteza ndama wawili apewe ndama, kila nyumba ya juu ikichangia kidogokidogo mpaka ndama apatikane. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alimwambia mdogo wake na mke wake, lakini Léopold hakumwambia, akitaka kwanza awe na uhakika kwamba watu watakubali, ili asimpe mtoto ahadi ya bure.

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 13 Julai 1958 chui aliua ndama wa tatu wa Léopold, nyuma ya nyumba, akala kidogo kwenye bega, akafukuzwa na mbwa. Léopold alikuwepo nyumbani. Alikuwa na sumu aliyoipata hapa mjini, kwa nani serikali ndiyo inayouliza, na mchana wa Jumapili, watu walipokuwa kwenye ibada ya baraka, aliitia kwenye lile bega, palepale chui alipouma, akijua kwamba chui hurudi kwenye nyama yake. Hakumwambia mtu, kwa aibu ya mapatano, na kwa hofu ya wanawake wa upande wa juu. Alimwambia mke wake tu amwache ndama alivyo mpaka Jumamosi yeye atakaporudi, kisha akashuka mjini ili awe ofisini Jumatatu asubuhi.

Usiku ule chui hakurudi. Jumatatu asubuhi Clémence akaona mzoga wa ndama haujaguswa tena, nyama itaoza, siku ya pili inakwisha, na vikapo vitapotea, akafikiri mume wake amekata tamaa tu kama anavyokata tamaa siku zote, basi akafanya kama mlima wote unavyofanya, akakata lile bega lililoumwa, akalibeba juu ya kichwa hadi kwa mwamuzi. Papa Venant alilipindua, akaliangalia meno, akasema ni chui, ni yule jike, akatuma watu waambie nyumba za juu zichimbe viazi kwa ajili ya Léopold, na akaongeza kwamba mara hii kila nyumba ijaze vizuri. Clémence akaenda nyumbani akiwa na furaha. Tunarudia mbele yenu wote kwamba mama huyu hana hatia, yuko hapa, ameketi karibu na Mama Rosalie, na mtu asisogeze kiti mbali naye.

Mama Rosalie hakuwepo, alikuwa ameshuka Nyangezi tangu Ijumaa kwa sababu Virginie alijifungua, kwa hiyo Papa Venant alipika mwenyewe, akala peke yake, kabla ya jua kuzama. Haukupita muda akahisi taya inakaza na shingo inavutwa nyuma, na huyu alikuwa mtu aliyetia sumu ile kwa mkono wake mwaka 1951, alijua anaangalia nini, hakuhitaji daktari wa kumwambia. Jirani wa karibu alikuwa Mama Apolline, ambaye alisikia sufuria ikianguka, akaja, miaka miwili bila salamu, akamkuta amelala chini ameshika mguu wa meza, na maneno aliyomwambia ndiyo ya mwisho tuliyo nayo kutoka kinywani mwake: «Ile nyama ya Léopold, musikule. Muitie mu shimo.»

Hakuomba maji, hakuomba padri kwanza, alitaka Mama Apolline aondoke amwache, akapige kelele, kwa kuwa alijua kwamba Clémence alikuwa amekwisha kuwagawia majirani mapaja na mbavu, na sufuria zilikuwa motoni. Mama Apolline alikimbia mlima mzima, mwanamke wa umri wake, nyumba kwa nyumba, akimwaga sufuria za watu kwa miguu yake mwenyewe pale waliposita, na hakuna mwingine aliyekufa, wala aliyeugua. Gari la shamba lilimshusha Papa Venant hadi hospitali hapa Bukavu, daktari na wauguzi wakahangaika naye ndani ya chumba chenye giza kwa sababu mwanga ulimwongezea mikazo, na Jumanne tarehe 15 Julai 1958, saa kumi na moja alfajiri, alifariki, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa kwa hesabu ya mapadri.

Léopold alisikia habari asubuhi ile njiani kwenda kazini, akakimbia hadi hospitali, na kabla hajaulizwa akamwambia daktari ni nini alichokitia na wapi, kisha akawaambia polisi hivyohivyo, nao wamemwagiza aripoti kila asubuhi mpaka uchunguzi uishe. Familia haitazuia kazi ya serikali, wala haitaiongezea uongo. Na kwa wale wanaouliza, chui yu hai, maana nyama iliyokuwa yake ililiwa na mwamuzi wake, na watu wa Nyantende wamemsikia tena jana.

Tunamshukuru daktari na wauguzi waliofanya walichoweza, dereva wa shamba aliyeshuka zile kona bila kuhofia maisha yake, wenzake wa kazi waliokamua ng'ombe wake na kulisha ndama wake wiki hii, Baba Padri aliyefika kwa wakati, majirani wa Cimpunda waliotupa kuni na maji na nafasi ya kulia, na zaidi ya wote Mama Apolline, ambaye tunakiri kwake leo kwamba pengine ule mbuzi wake aliliwa na chui kweli, na hatuna tena mtu wa kutuhakikishia.

Limebaki neno moja. Jana asubuhi familia ilikaa. Wengine walisema mapatano ya chui yafe na aliyeyaleta, kwa kuwa yamekwisha kula mtu, wengine walisema Léopold asikanyage mazishi, na Placide, mwenye ua huu, amesema kwamba hawezi kumwangalia usoni, na ameomba tuseme hapa kwamba hajabadilika, nasi tumesema, wala hatumlaumu. Mama Rosalie aliwaacha wote wamalize, kisha akasema: «Ngombe ya Léopold ilikuliwa na chui. Baba Placide aliangalia meno, akakata maneno, akatuma watu bachimbe. Mimi sitapindua ile yenye alikata.»

Kwa hiyo vile vikapo mlivyoviona vimepangwa kwenye ukuta wa jiko, ambavyo wanawake wa upande wa juu wamevibeba mgongoni kutoka Nyantende alfajiri ya leo, si chakula cha matanga, na tunaomba mtu asivipike. Ni vya Léopold, kwa ajili ya ndama wake, na kile cha kwanza kimetoka kwenye shamba la Mama Rosalie, amekichimba mkazamwana wake kwa agizo lake. Léopold yuko nje barabarani tangu asubuhi, amesimama upande wa pili, hajaingia. Mama Rosalie ameomba asomewe hili kwa sauti ya kufika barabarani: aingie, aviangalie vikapo vyake, aviache hapo mpaka atakaporudi, kisha aje ashike jeneza upande wa kichwa, kama inavyompasa mtoto wa ubatizo, maana njia ya kupanda Nyantende ni ndefu na wabebaji hawatoshi.

Kaka Venant, kazi ya kuamua imekutoka mikononi, sasa ni yetu, na tunaiogopa. Wewe pumzika, Mungu akupe kwake ile amani ambayo mlimani kwetu hukuipata.